Mwanagenzi wa Baba Yake

Jumatano ile niliharibu mapenzi yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na ilikuwa imeanza vizuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Nilikuwa juu ya ngazi katika chumba cha kupimia macho, kichwa na mabega yamezama ndani ya dari, tochi nimeiuma kwa meno, navuta kebo ya mtandao ya ishirini na sita kati ya thelathini na mbili. Kliniki ilikuwa mpya, kuta zake bado zinanuka rangi, na ilitakiwa kufunguliwa Jumatatu. Kwangu ulikuwa mtihani. Kwa mwaka mmoja na miezi minane, mimi binti wa watu, nilikuwa mwanagenzi wa Fundi Mkuu. Nilibeba mikoba yake, nikajifunza kuvua ganda la kebo bila kuchubua nyaya nane zilizomo, nikakariri rangi zake hadi nikaziota. Kazi hii nilikuwa naifanya peke yangu, kutoka soketi ya kwanza hadi kabati la mitambo, na Ijumaa mkaguzi wa chuo angekuja kuipima. Nikipita, nitakuwa fundi wa mitandao mwenye cheti chake. Nikianguka, nitarudia mwaka.

Nikasikia mlango unafunguliwa, kisha sauti ambayo hata nikiwa na homa ningeitambua.

"Hodi humo darini! Kuna mtu au ni panya?"

Nikatoa tochi mdomoni. "Panya wangekuwa wameshamaliza zamani."

"Basi shuka, panya wangu, nikuone."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mapazia ya kijani kibichi yamemjaa mikononi, kidevu chake kimeegemea juu yake kama mtoto aliyebebeshwa nguo za kufua. Watu walimwita Sindano. Alikuwa mwanamume mwembamba, na alikuwa fundi cherehani, hivyo jina halikuhitaji maelezo. Macho yake ndiyo yaliyokuwa yananimaliza. Alikuwa na namna ya kukutazama kama anayesoma barua aliyoisubiri sana, taratibu, asije akairuka hata herufi moja.

Miezi saba tulikuwa tunapendana, na miezi saba tulikuwa tunajificha. Tatizo halikuwa mke wala mume wa mtu. Sindano alikuwa mtoto wa pekee wa Fundi Mkuu, yule yule aliyenishika mkono katika kazi, ambaye mafundi wote tulimwita Mzee Koleo akiwa hayupo, kwa sababu koleo halikutoka mkononi mwake na akikubana hakuachii. Mzee Koleo hakuwa na neno jema la kusema juu ya mwanawe. Na mimi nilikuwa chini ya mkono wake hadi Ijumaa.

"Msaidizi wangu ana homa," Sindano alisema. "Mapazia yanatakiwa yawe juu leo. Na vyuma vya kuyashikia..." Akainua macho hadi juu ya dirisha, kisha akayashusha haraka. "Viko kule."

"Nitakutundikia."

"Una kazi yako."

"Dakika kumi. Nishikie ngazi tu."

Hakuuliza kwa nini nimekubali upesi hivyo, nami sikuuliza kwa nini yeye asipande. Nilijua. Nilikuwa mtu pekee aliyeambiwa.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, Sindano naye alikuwa mwanagenzi wa baba yake. Siku moja, baba akiwa kwenye kazi nyingine, watu wasiomjua baba huyo walimpandisha kwenye ngazi ndefu ndani ya ghala, ngazi ya kufika kwenye mabati. Alipofika juu, mwili ulimgomea. Mikono ilikataa kuachia, miguu ilikataa kushuka, na suruali ikalowa. Wapagazi wawili walipanda wakamteremsha kama gunia, huku ghala zima likicheka. Siku hiyo hiyo aliweka vifaa chini akarudi nyumbani, na baba alipomuuliza, alijibu neno moja tu: "Nimechoka." Miaka kumi na moja Mzee Koleo aliamini kwamba amezaa mvivu.

"Afadhali anione mvivu kuliko anione mwoga," Sindano aliniambia siku aliponisimulia. "Usimwambie. Niapie." Nikaapa.

Basi nikatundika mapazia. Yeye alishika ngazi kwa mikono miwili, macho sakafuni, vidole vimekaza utadhani ni yeye aliyekuwa juu. Nilipokanyaga chini alipumua kwa nguvu.

"Unaogopea nini? Mimi ndiye niliyepanda."

"Ndiyo maana naogopa."

Nikacheka. Vumbi la dari lilikuwa limenijaa kwenye nyusi, naye akashika ncha ya pazia akaanza kunifuta, polepole, jicho la kulia kisha la kushoto. Nilifumba macho. Nilisikia harufu ya kitambaa kipya na ya chaki yake ya kushonea. Nilisikia pia kwamba ameacha kufuta na mkono wake umebaki shavuni kwangu. Sikufumbua.

"Pazia hilo ni la kliniki," sauti ilisema mlangoni.

Mzee Koleo alikuwa amesimama pale, ovaroli imefungwa vifungo vyote hadi shingoni, koleo mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Shikamoo, Baba," Sindano alisema.

"Marahaba. Nani ametundika hayo?"

"Mimi, Fundi," nilijibu.

"Na yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ameshika ngazi."

Mzee Koleo alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi kichwani. "Hata pazia, kijana? Hata pazia la kushona mwenyewe unatundikiwa? Na mwenye kukutundikia ana mtihani keshokutwa!"

Niliona taya la Sindano linacheza. Alinitazama mara moja, na katika mtazamo ule alikuwa ananisihi: nyamaza, tafadhali. Akachukua mapazia yaliyobaki, akapita pembeni ya baba yake bila kumgusa, akatoka.

"Njoo," Mzee Koleo aliniambia.

Tuliingia kwenye chumba kidogo cha mitambo, mimi na yeye na kabati la chuma lenye taa za kijani zinazopepesa. Alifunga mlango.

"Tangu lini?"

"Miezi saba, Fundi."

"Miezi saba! Na mimi nakaa nawe kutwa kucha nikidhani zile simu za kunong'ona ni za mama yako." Akajifuta uso kwa kiganja. Nilingoja anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba sifai, kwamba mwanamke wa kupanda madari si mke wa mtu. Hakusema hivyo. "Binti, nikuambie jambo nisilomwambia mtu. Nimefundisha vijana kumi na wanne. Hakuna aliyefikia mkono wako. Kama ungekuwa mtoto wangu wa kuzaa na huyu angekuja kukuposa, ningemfungia mlango."

"Ni mwanao, Fundi."

"Ndiyo maana namjua. Hastahili mkono wako. Atakuacha katikati."

"Ana duka lake. Miaka minane anashona, ana wateja hadi—"

"Kushona ni kukaa. Nani asiyeweza kukaa? Mimi nilimpa kazi hii kama mtu anavyompa mwanawe nyumba. Nilinunua vifaa viwili viwili, vyangu na vyake. Siku moja narudi nakuta vyake viko mezani. 'Nimechoka.' Hakuna mazungumzo, hakuna samahani. Siku atakapochoka na wewe atakuweka mezani vile vile, na hutajua kwa nini. Sitaki uje kunililia mimi."

Nilitaka kunyamaza. Mungu ni shahidi wangu, niliuma ulimi. Lakini yeye akaongeza, kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Mvivu tangu utotoni. Mama yake alimdekeza," na hapo ulimi ukanitoroka.

"Hakuchoka! Hajawahi kuchoka! Aliogopa!"

"Aliogopa nini?"

Na nikasema. Ghala, ngazi, wapagazi, suruali. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, na nilipofika mwisho nikasikia feni ndogo ya mitambo ikinguruma, na nikajua kwamba maneno yale hayarudi.

Mzee Koleo alivua miwani.

"Walimteremsha?"

"Ndiyo."

"Walicheka?"

"Walicheka, Fundi."

Aliitazama ile miwani kama hajui inavaliwa wapi. Kisha akafungua mlango akaondoka. Koleo lake aliliacha juu ya kabati.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilipitia dukani kwa Sindano. Nilitaka nimwambie mwenyewe. Nilichelewa. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mikono juu ya meza, hajaweka kitambaa chochote.

"Alikuja jana jioni," alisema kabla sijamsalimu. "Akasimama hapo hapo uliposimama. Akaniuliza, 'Kwa nini hukuniambia?' Kisha akashindwa kuendelea, akaenda zake."

"Nisamehe."

"Dunia nzima nilikuambia wewe peke yako."

"Alikuwa anakutukana. Anakuita mvivu, na mimi nakujua, nikashindwa..."

"Miaka kumi na moja ananiita mvivu! Nimezoea. Tusi hilo linaingia sikio hili linatokea hili. Lakini jana hakunitukana. Alinitazama kwa huruma." "Ulitaka kunitetea, najua. Lakini umenivua nguo mbele ya baba yangu. Ile siri ilikuwa yangu. Kama ilikuwa ya kusemwa, ningeisema mimi."

Alikuwa na haki. Nilinyoosha mkono nimguse bega, naye hakunisukuma, ila bega lenyewe lilikuwa gumu kama ubao.

"Nenda kazini," alisema. "Kesho una mkaguzi."

"Na sisi je?"

"Sijui. Leo usiniulize."

Akachukua kipande cha kitambaa, akakiweka chini ya sindano, akakanyaga. Cherehani ikalia. Ilikuwa inalia nilipotoka, na nilipofika mwisho wa mtaa bado niliisikia, au nilidhani naisikia.

Siku hiyo nilibana nyaya kwenye soketi sita zilizobaki. Mikono ilifanya kazi, mimi mwenyewe nilikuwa kwingine. Kila nilipomaliza kebo niliichomeka kwenye kipimo changu kidogo, taa nane zikawaka kwa mpangilio, moja hadi nane, nami nikaandika namba na kusonga mbele. Mara mbili nilikwenda kunawa uso.

Ijumaa mkaguzi alifika saa tatu kamili. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye begi la mgongoni na sura isiyotoa siri. Mzee Koleo alisimama pembeni mikono nyuma, kwa kuwa sheria za mtihani hazikumruhusu kufungua mdomo. Tangu Jumatano tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu.

Mama yule alitembea chumba kwa chumba na mashine yake, kubwa kuliko kipimo changu na yenye akili zaidi. Soketi ya kwanza sawa. Ya kumi sawa. Ya ishirini sawa. Tulipofika ya ishirini na tisa, kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, mashine ililia vibaya.

"Kipimo chako kilisema nini hapa?"

"Taa zote nane ziliwaka, Mama."

"Hii yangu inasema kebo ni mbovu. Mtandao utapita, lakini utakuwa unakatikakatika. Tafuta."

Nilipiga magoti nikafungua soketi. Ilinichukua muda mfupi kuona. Katika nyaya nane, waya wa kijani hukaa mbali kidogo na mwenzake, bluu zote mbili zikiwa katikati yao. Ndivyo kazi inavyotaka. Mimi nilikuwa nimezilaza za kijani pamoja, bega kwa bega, na kosa hilo hilo nikalifanya upande wa pili wa kebo, ndiyo maana taa zangu zilidanganyika. Ni kosa la mwezi wa kwanza. Nililiacha mwaka mmoja na nusu nyuma.

"Ulibana lini?" mkaguzi aliuliza.

"Jana."

"Ulikuwa na nini jana?"

Ningeweza kusema nilikuwa mgonjwa. "Nilikuwa nimegombana na mtu ninayempenda."

Nyuma yangu, Mzee Koleo alikohoa.

"Rekebisha," mkaguzi alisema.

Nilikata, nikavua, nikapanga, nikabana. Mashine ikakubali. Mama yule alikuwa ameshaanza kusogea kwenye soketi inayofuata nilipomwita.

"Samahani, Mama. Jana nilibana sita. Naomba nizifungue zote sita nizitazame kwa macho kabla hujaendelea. Siziamini."

Aligeuka akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama kazi. "Ukikuta makosa nitaandika."

"Andika."

Nilikuta kosa moja jingine, kwenye soketi ya mapokezi. Aliandika. Nililirekebisha, naye akaendelea kupima hadi ya thelathini na mbili. Mwishoni aliketi kwenye kiti cha mapokezi, akasaini karatasi, akanipa.

"Umepita. Si kwa alama za juu, hizo umezipoteza jana. Lakini miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniomba afungue kazi yake mwenyewe." Akavaa begi lake. "Na huyo mliyegombana naye, malizaneni kabla hujapanda ngazi tena."

Alipoondoka, nilibaki na karatasi mkononi. Nilitarajia furaha ingenifanya niruke, lakini nilihisi tu uchovu, na hamu ya kumpigia simu mtu mmoja ambaye labda asingepokea.

Mzee Koleo alinikabili. "Hongera, Fundi."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Machozi yakanitoka pale pale.

"Usilie, nina safari na wewe. Panda gari."

"Tunakwenda wapi?"

"Panda."

Alipoegesha mbele ya duka la Sindano, nilitaka kubaki garini. Alinifungulia mlango mwenyewe.

Sindano alikuwa anabandika pini kwenye upindo wa gauni, pini nyingine tatu nne ameziuma midomoni. Alipotuona wote wawili, alisimama.

"Nimekuja kushona," Mzee Koleo alisema.

Katika miaka minane ya duka lile, hakuwahi kuleta hata kifungo. Sindano alimtazama kama hakusikia.

"Koti," mzee aliendelea. "Koti zuri. Nipime."

Sindano alichukua futi yake shingoni, akasogea. Alipima mabega. Alipima mkono, kutoka bega hadi kifundo. Kisha ikabidi apime kifua, na kifua cha mtu hakipimwi kwa mbali. Aliingiza mikono yote miwili chini ya kwapa za baba yake akaizungusha futi mgongoni, uso wake ukawa karibu na shingo ya mzee, na hapo Mzee Koleo akainua mikono yake mizito akamshika mwanawe, akambana. Futi ilianguka sakafuni.

"Ungeniambia, ningekupandisha tena siku ya pili," mzee alisema hatimaye, sauti imekwaruza. "Ningekupandisha kila siku mpaka uanguke. Ulifanya vizuri kunikimbia. Mimi ndiye niliyekosa, si wewe."

Sindano alikuwa analia bila sauti, midomo imefumba kwa ajili ya zile pini. Mimi niligeukia mlangoni nikajifanya natazama barabara.

Baada ya muda mzee alijikung'uta, akainama akaokota futi, akamrudishia. "Haya, maliza. Nina haraka na koti hilo."

Sindano akasema kitu kwa pini mdomoni, kilichosikika kama "La nini?"

"Nataka kwenda kwa mama wa watu kumposea mwanangu mke. Siwezi kwenda na ovaroli." Akakohoa. "Ila sijui kama mwenyewe bado anakutaka. Wala sijui kama wewe bado unamtaka. Hayo ulizaneni, hiyo si kebo niliyoivuta mimi darini."

Sindano alinigeukia. Alinitazama vile vile anavyotazama, herufi kwa herufi, na safari hii nilisoma pia. Niliona kwamba bado anaumia. Niliona kwamba ameniweka karibu na maumivu hayo, hakunitupa nje.

"Siri haikuwa yangu," nilisema. "Sitajitetea. Sitarudia tena, hata mtu akutukane mbele yangu vipi. Nitamtukana naye, basi."

Mabega yake yalitikisika. Alikuwa anacheka. Akasema tena kitu, na pini zikameza maneno yote.

"Toa pini kwanza," nikamwambia.

Akazitoa moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na sijawahi kuona mtu akichelewa hivyo.

"Bado unanitaka?" aliuliza.

"Mshonee baba koti," nikamjibu.